Leonhard Euler na Hesabu ya Vituo na Njia

Hisabati ya shule ya msingi huanza kwa kuhesabu vitu vilivyotengana: vijiti, mawe, punje za maharage. Mtoto hukisogeza upande kila kijiti anachokitaja, na kwa hiyo hakihesabu kimoja mara mbili wala hakiachi hata kimoja. Shida huanza pale vitu vinavyohesabiwa vinapokuwa vimeungana, kama vijiji na barabara zake, au vijito na mito inayovipokea. Barabara haisogezwi upande. Ina ncha mbili, na mwanafunzi aliyeihesabu alipokuwa Kasulu huihesabu tena afikapo Kibondo, kisha hushangaa kuona jumla yake haipatani na ya mwenzake. Mwalimu atakayefundisha ramani au mafumbo ya njia hana budi kuijua shida hii kabla ya kuingia darasani.

Mtu aliyeiandikia shida hii kwa mara ya kwanza kwa utaratibu wa kisayansi ni Leonhard Euler, ambaye jina lake hutamkwa Oila. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa ajili ya wanachuo wa ualimu. Pale ambapo kazi yake yahitaji mfano, tutautoa katika nyanda za juu za Kigoma, baina ya Kasulu na Kibondo, kwa sababu mwanafunzi huielewa vizuri zaidi njia aliyoikanyaga kwa miguu yake.

Utoto na masomo

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 katika mji wa Basel, nchini Uswisi. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa kanisa, na muda mfupi baada ya mtoto kuzaliwa familia ilihamia Riehen, kijiji kilicho karibu na mji huo. Baba ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma Hisabati kidogo katika ujana wake, na alimfundisha mwanawe nyumbani yale aliyoyajua. Hili lafaa kukumbukwa na kila mwalimu anayedhani kuwa mzazi wa kijijini hana la kuchangia katika masomo ya mtoto.

Mwaka 1720, akiwa na umri wa miaka 13, Euler aliingia Chuo Kikuu cha Basel. Baba alitaka awe mchungaji kama yeye. Lakini chuoni hapo alikuwapo Johann Bernoulli, aliyekuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa Ulaya wakati ule. Kijana alimwomba amfundishe peke yake. Bernoulli alikataa, kwa kuwa kazi zilikuwa nyingi, ila alimpa shauri jingine: asome mwenyewe vitabu vigumu, na kila Jumamosi alasiri aje na yale tu yaliyomshinda. Kwa wiki nzima Euler alijitahidi kupunguza maswali, asije akamchosha mwalimu wake. Baadaye alikiri kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa njia bora ya kujifunza, kwa maana kila kikwazo kimoja kilipoondolewa, vingine vingi viliondoka pamoja nacho. Bernoulli alipouona uwezo wa kijana huyu, alimshawishi baba amwachie afuate Hisabati.

Mwaka 1727 Euler alishiriki katika shindano la Akademia ya Sayansi ya Paris. Swali lilihusu namna bora ya kupanga milingoti ya merikebu. Alikuwa na umri wa miaka 20, amekulia katika nchi isiyopakana na bahari yoyote, na bado jibu lake lilipewa heshima na waamuzi. Mtoto wa Makere au wa Mabamba ambaye hajapata kuiona meli anaweza vilevile kuifikiria kwa usahihi, iwapo mwalimu atampa hatua za kufikiri na siyo majina ya kukariri tu.

Petersburg na kitabu cha watoto

Mwaka huohuo Euler aliomba kazi ya kufundisha Fizikia katika chuo kikuu cha mji wake, akakosa. Wana wawili wa Bernoulli walikuwa wameajiriwa katika Akademia mpya ya Sayansi huko Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo, na wao ndio waliompendekeza. Alifika huko mwezi Mei 1727, mwezi uleule aliofariki Malkia Catherine wa Kwanza, na kwa muda haikujulikana kama Akademia ingeendelea kuwapo. Hata hivyo alivumilia. Mwaka 1733 alipewa uprofesa wa Hisabati, na mapema mwaka uliofuata akamwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji picha. Walijaliwa watoto 13, lakini ni watano tu waliovuka utoto. Euler alizoea kufanya hesabu zake huku amempakata mtoto na wengine wakicheza miguuni pake.

Wanachuo wetu wafahamu kwamba mtu huyu, aliyeandika makala na vitabu zaidi ya 800, hakuona haya kuwaandikia watoto. Shule ya Akademia ilihitaji kitabu cha hesabu, naye alikiandika. Kilitolewa kwa sehemu mbili, mwaka 1738 na mwaka 1740. Ndani yake alifundisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, lakini hakutoa kanuni bila sababu yake. Aliamini kuwa mtoto aliyepewa kanuni peke yake huisahau, na aliyeoneshwa sababu huweza kuitafuta tena mwenyewe hata akiisahau.

Madaraja saba

Katika miaka hiyo ndipo lilipomfikia fumbo la Königsberg. Mji huo ulikuwa katika nchi ya Prusia. Siku hizi huitwa Kaliningrad na umo nchini Urusi. Mto Pregel uliupitia mji na kuugawa sehemu nne: ng'ambo ya kaskazini, ng'ambo ya kusini, kisiwa katikati, na nchi ya mashariki baina ya matawi mawili ya mto. Sehemu hizo ziliungwa na madaraja 7. Watu waliulizana kama mtu angeweza kutembea mjini na kuvuka kila daraja mara moja, asirudie hata moja. Wengi walijaribu na kushindwa, lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Mwanzoni Euler aliliona swali hili kuwa dogo. Kisha lilimvutia, kwa sababu halikuhitaji vipimo vya urefu wala hesabu za aljebra. Upana wa mto haukuwa na maana, wala urefu wa daraja. Lililokuwa na maana ni jambo moja: daraja gani laiunga sehemu gani na sehemu gani. Alilisoma jibu lake mbele ya wenzake mwaka 1735, na makala yake ikachapishwa mwaka 1741.

Alifanya hivi. Kila sehemu ya nchi kavu, hata ikiwa kubwa namna gani, aliipa herufi moja tu. Hakuzitafuta safari zote zinazowezekana, maana hizo ni nyingi na mtu huchoka kabla ya kuzimaliza. Alipita kwenye herufi moja baada ya nyingine, na kwa kila moja akaandika idadi ya madaraja yanayoigusa. Kisiwa kilikuwa na madaraja 5, na kila moja ya sehemu tatu zilizobaki ilikuwa na 3. Jumla ya safu hiyo ni 14, yaani mara mbili ya madaraja 7, kwa sababu kila daraja limehesabiwa katika ncha zake zote mbili. Euler hakuliona jambo hili kuwa kosa. Nasi twaweza kulitumia kama kipimo cha kuhakiki orodha: jumla isipokuwa mara mbili ya madaraja, basi kuna daraja lililosahauliwa au lililorudiwa.

Sababu aliyoitoa ni nyepesi, na mwanafunzi wa darasa la tano aweza kuifuata. Msafiri anayepita katika kituo huingia kwa njia moja na kutoka kwa nyingine. Kwa hiyo njia za kituo hicho hutumika mbilimbili. Kituo chenye njia za idadi witiri hubakiwa na moja isiyo na mwenzake, na hicho hakina budi kuwa mwanzo wa safari au mwisho wake. Safari ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Basi vituo vya witiri vikizidi viwili, safari haiwezekani. Königsberg ilikuwa na vinne. Fumbo likaishia hapo, bila mtu kutembea hatua moja.

Njia saba za Kasulu na Kibondo

Tulete sasa hoja hiyo nyumbani. Mwalimu achore ubaoni vituo sita: Kibondo, Kasulu, Manyovu, Kigoma, Kidahwe na Uvinza. Kasulu ihesabiwe pamoja na njia panda zilizo karibu nayo kama kituo kimoja, na Kigoma pamoja na viunga vyake vivyo hivyo, kama Euler alivyokipa kisiwa kizima herufi moja. Barabara ziendazo nje ya mchoro ziachwe kwa sasa. Zabaki njia saba: Kibondo na Kasulu, Kasulu na Manyovu, Kasulu na Kidahwe, Kasulu na Uvinza, Uvinza na Kidahwe, Kidahwe na Kigoma, Kigoma na Manyovu.

Wanafunzi wapite kituo baada ya kituo na kuandika:

Kibondo, njia 1.
Kasulu, njia 4.
Manyovu, njia 2.
Kigoma, njia 2.
Kidahwe, njia 3.
Uvinza, njia 2.

Jumla ni 14, mara mbili ya 7, kama ilivyokuwa kwa madaraja. Lakini hapa vituo vya witiri ni viwili tu, Kibondo na Kidahwe. Basi mkaguzi wa barabara anayetaka kupita kila njia mara moja aanzie Kibondo na kumalizia Kidahwe, au kinyume chake. Safari moja ni hii: Kibondo, Kasulu, Manyovu, Kigoma, Kidahwe, Uvinza, Kasulu, Kidahwe. Mkaguzi yuleyule akiamua kuanzia Kasulu, ingawa Kasulu ndiyo yenye njia nyingi, hatafanikiwa kamwe. Wanafunzi waachwe wajaribu kwanza na washindwe, ndipo waoneshwe sababu.

Euler alieleza pia kuwa vituo vya witiri vikiwa viwili, au visipokuwapo kabisa, safari yapatikana, mradi mchoro wote umeungana. Uthibitisho kamili wa sehemu hiyo ulichapishwa mwaka 1873, nao ni wa Mjerumani Carl Hierholzer, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki.

Njia inapopewa mshale

Daraja la Königsberg lilivukwa kwa pande zote mbili. Lakini yapo mambo yanayokwenda upande mmoja tu. Maji ya mto Ruchugi hushuka kutoka nchi ya Kasulu na kuingia Malagarasi karibu na Uvinza. Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa hutoka kwa mto Lukuga kuelekea mto Kongo, na Kongo huyafikisha katika Bahari ya Atlantiki. Hakuna tone linalopanda kurudi Kasulu kwa njia hiyo. Katika michoro ya namna hii kila njia huwa mshale, wenye kituo utokako na kituo uingiako. Wanahisabati waliomfuata Euler waliipanua hoja yake ifae hapa pia: ili mtu aipite mishale yote mara moja na kurudi alipoanzia, katika kila kituo mishale itokayo sharti ilingane kwa idadi na ile iingiayo.

Mshale huleta urahisi mmoja mkubwa katika kuhesabu. Tuichukue ile safari ya mkaguzi na kuweka mshale katika kila njia kwa jinsi alivyokwenda. Kisha tupite vituo kwa zamu, na katika kila kituo tuandike ile mishale itokayo tu:

Kibondo: kwenda Kasulu.
Kasulu: kwenda Manyovu, kwenda Kidahwe.
Manyovu: kwenda Kigoma.
Kigoma: kwenda Kidahwe.
Kidahwe: kwenda Uvinza.
Uvinza: kwenda Kasulu.

Mishale ni 7, na kila mmoja umetajwa mara moja tu, kwa sababu kila mshale unatoka katika kituo kimoja, haitoki katika viwili. Tungeandika na ile iingiayo, kila mmoja ungetajwa mara mbili. Hii ndiyo siri ya kupita mishale yote ya mchoro bila kuruka wala kurudia: pita vituo vyote, na katika kila kituo pita mishale itokayo humo. Watunga programu za kompyuta hufanya vivyo hivyo hadi leo. Mikusanyo ya programu iliyotungwa kwa ajili ya michoro hii huwa na amri ya kupita vituo, amri ya kupita mishale, na amri ya kupita mishale ya kituo kimoja kilichotajwa. Nao huonywa wasifute kituo wakati bado wanaipita orodha. Mwalimu akifuta jina katika orodha na majina ya chini yakapanda nafasi moja, huku yeye anaendelea kuita mahudhurio kwa kufuata namba, jina lililopanda mahali pa lililofutwa halitaitwa.

Berlin, na giza la Petersburg

Maisha ya Euler hayakuwa mepesi. Mwaka 1735 alipatwa na homa kali iliyokaribia kumwua, na kufikia mwaka 1738 jicho lake la kulia lilikuwa limepoteza nuru. Mwenyewe aliamini kuwa lilidhurika kwa kazi ya kuchora ramani za Urusi. Mwaka 1741 alihamia Berlin kwa mwaliko wa Mfalme Friedrich wa Pili, akakaa huko miaka 25. Huko aligundua, mwaka 1750, uhusiano ambao kila mwalimu aweza kuuonesha kwa boksi la chaki. Pembe za boksi ni 8, kingo ni 12, nyuso ni 6. Ukiondoa kingo katika pembe na kuongeza nyuso, hupata 2. Na ukifanya hivyo kwa piramidi au kwa umbo jingine gumu lisilo na tundu la kupenya, hupata 2 vilevile. Huko Berlin pia alimwandikia binti mmoja wa ukoo wa kifalme barua zaidi ya 200 za kumfundisha sayansi, kwa lugha nyepesi kiasi kwamba zilipochapishwa zilisomwa na watu wengi wa Ulaya.

Mwaka 1766, baada ya kutoelewana na mfalme, alirudi Petersburg. Muda si mrefu mtoto wa jicho ulilifunika jicho la kushoto. Mwaka 1771 nyumba yake iliteketea kwa moto, na yeye, asiyeona, aliokolewa na mtu wa kwao Basel aliyeingia ndani na kumtoa. Mwaka huohuo alipasuliwa jicho, akaona kwa siku chache, kisha giza likarudi moja kwa moja. Miaka miwili baadaye mkewe akafariki.

Mtu mwingine angeacha kazi. Euler aliongeza. Karibu nusu ya maandishi yake yote yalitolewa katika miaka hiyo ya giza, kwa kuwa aliweza kushikilia hesabu ndefu kichwani na kuzitamka, na wanawe na wanafunzi wake wakaandika. Kati ya kazi hizo, inayowahusu walimu zaidi ni kitabu chake cha Aljebra kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1770. Aliyekiandika kwa imla alikuwa kijana mshona nguo, ambaye hakuwa amesoma Hisabati zaidi ya hesabu za kawaida. Euler hakumchukulia kama mkono wa kushikia kalamu tu. Alipanga kila hatua ili kijana yule aielewe kabla ya kuendelea na iliyofuata, na inasimuliwa kuwa kitabu kilipomalizika kijana aliweza kutatua maswali magumu ya aljebra peke yake. Kitabu kilichopimwa kwa akili ya mshona nguo kikawa miongoni mwa vitabu vya Hisabati vilivyosomwa zaidi duniani.

Kituo kisicho na mshale

Kuna somo moja katika hesabu ya vituo ambalo lapita mipaka ya Hisabati, nalo twaliacha la mwisho kwa kuwa ndilo zito.

Mtazame mwanafunzi aliyeambiwa aorodheshe mahali pote palipo katika mchoro wetu, naye akaanza na mishale. Anaandika jina la kila kituo ambacho mshale unatoka au unaingia, na anapata vituo sita. Sasa mwalimu aongeze ubaoni Kakonko, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kibondo, lakini asichore barabara yake. Mwanafunzi akiorodhesha tena kwa kufuata mishale, atapata sita vilevile. Kakonko ipo ubaoni, kila mtu anaiona, na katika orodha yake haimo. Anayeanza na vituo ataiandika, na mbele yake ataweka sifuri. Sifuri hiyo ni habari. Kutoandikwa kabisa si habari, ni upotevu.

Darasa nalo ni mchoro wa namna hiyo. Katika miaka ya 1930 huko Marekani, daktari Jacob Moreno alieneza zoezi ambalo mwalimu aweza kulifanya kwa karatasi na kalamu. Kila mwanafunzi huandika kwa siri jina la mwenzake mmoja ambaye angependa kufanya naye kazi. Mwalimu, akiwa peke yake, huchora mshale kutoka kwa kila mtoto kwenda kwa yule aliyemtaja. Katika darasa la watoto 40 atapata mishale 40. Akiifuata mishale hadi inakoishia, ataona haraka watoto wanaopendwa, kwa maana mishale mingi huishia kwao. Ataridhika na kusema kuwa darasa lina umoja. Lakini mtoto ambaye hakuna mshale unaomfikia hatamwona kwa njia hiyo hata akirudia mara kumi.

Huenda ni mtoto aliyehamia kutoka wilaya nyingine katikati ya muhula. Huenda anazungumza Kiha tu na Kiswahili chake bado ni kigumu. Huenda anachelewa kila asubuhi kwa sababu ya kuchota maji, na wenzake wamekwisha kuunda vikundi anapofika. Yupo darasani, jina lake limo katika daftari la mahudhurio, ila hakuna anayemwelekea. Mwalimu achukue basi daftari hilo, aanze na jina la kwanza hadi la mwisho, na mbele ya kila jina aandike idadi ya mishale iliyofika hapo, pamoja na sifuri. Matokeo hayo asiyasome darasani kamwe, maana yangemwaibisha aliyekusudiwa kusaidiwa. Ayatumie kimyakimya anapopanga vikundi vya kazi na mahali pa kukaa, na baada ya mwezi arudie zoezi aone kama sifuri zimepungua.

Euler alifariki Petersburg tarehe 18 Septemba 1783, akiwa na umri wa miaka 76. Siku hiyo alikuwa amefanya hesabu za maputo yaliyokuwa yameanza kurushwa Ufaransa, na amezungumza na wenzake juu ya njia ya sayari ya Uranus, iliyogunduliwa mwaka 1781. Alasiri alikuwa na mjukuu wake, ndipo alipopatwa na ugonjwa wa ghafla.

Mwanachuo aendaye katika mazoezi ya kufundisha, awe wa Chuo cha Ualimu Kasulu, wa Kabanga au wa kwingineko, ataandika azimio la kazi na andalio la somo, na ndivyo ipasavyo. Ajiwekee pia karatasi moja yenye majina yote ya darasa lake, na kila wiki ahakikishe kuwa mbele ya kila jina kuna jambo aliloliandika: swali alilomwuliza mtoto, kazi aliyomsahihishia, au neno aliloongea naye. Palipo pengo, aanzie hapo Jumatatu ifuatayo.